Anayekunywa ni Gari, Si Mimi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Pole na kazi. Mimi ni karani wa masijala, mtu wa mafaili na mihuri, na msomaji wako wa miaka mingi. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa uchungu mkubwa, kwani makala yako kuhusu kupulizia ethanoli kwenye injini ndogo zenye turbo inakaribia kuivunja ndoa yangu.

Uliandika kwamba turbo huisukumia injini hewa nyingi, hewa hiyo huwa ya moto, na ukiipulizia ethanoli iliyochanganywa na maji inapoa, injini haigongi na nguvu inaongezeka. Nilisoma mara tatu. Nami nina kigari cha silinda tatu ambacho kikipanda mlima hupitwa na baiskeli zenye mizigo. Fundi alinifungia pampu na tangi dogo, akatikisa kichwa, akasema haya mzee, kazi kwako. Mchanganyiko nikaupanga stoo, chupa kumi na mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukutuambia kwamba ethanoli inanuka pombe. Mimi niliacha pombe miaka miwili iliyopita, mbele ya mke wangu na wazee wa pande zote mbili. Kila asubuhi nilipokuwa namimina nilijifunga leso puani, nisije nikatamani. Pua ilisalimika, koti halikusalimika. Siku ya nne mke wangu alinusa kola, akanyamaza. Ndugu Mhariri, mke wangu akifoka nalala usingizi. Akinyamaza, hata chakula hakipiti.

2. Siku ya tano akaziona chupa. Kikao kikaitwa. Niliwaeleza wakwe kwa utaratibu kwamba anayekunywa ni gari, si mimi. Baba mkwe akavua miwani. Shemeji akatoka nje kucheka. Mama mkwe akauliza kwa upole kama gari nalo huamka na kiu. Nilisema kweli tupu, na sijawahi kuonekana mlevi kiasi kile hata nilipokuwa nimelewa. Mke wangu akatangaza kwamba harufu ile isipokwisha kufikia mwisho wa mwezi, anarudi kwao.

3. Nguvu zenyewe zimepita kiasi. Tangu kile kikao gari si gari tena, naligusa tu linaruka. Juzi nimelipita lori la mchanga mlimani, nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu, nikafika nyumbani macho mekundu na sauti imekauka. Sasa mtu wa namna hiyo utamtetea vipi?

4. Kazini wananiita Mzee Turbo, na meza yangu imehamishiwa dirishani ili watu wapumue.

Kwa hiyo naomba uchapishe ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba gari langu ndilo linalokunywa. Pili, uchore turbo yangu, kwa rangi ikiwezekana. Tatu, uje mwenyewe kwenye kikao cha pili, Jumamosi saa nne asubuhi, umevaa suti, uape mbele ya mama mkwe. Najicheka nikiandika haya, lakini si mchezo. Nampenda mke wangu, na naogopa.

Nisalimie wahariri wenzako, bawabu, na yule mwandishi wa nyota aliyetabiri kwamba mwezi huu nitapata nguvu mpya.

Wako katika kupanda mlima,
Karani wa Masijala

Tanbihi: Usije Jumamosi. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe siku ileile ya kikao alizimwaga chupa zote, akazijaza maji ya bomba, akangoja nilalamike. Wiki mbili nzima gari limekunywa maji matupu! Na lile lori, nikikumbuka vizuri, lilikuwa limesimama pembeni na matawi yamewekwa nyuma yake. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Anasema mlevi angegundua kwenye chupa ya kwanza, lakini mimi kila jioni nilirudi nikisifu, naye akaona raha kunisikia. Koti langu liko kwenye beseni, analifua.