Mbolea Iliyotangulia kwa Wakwe

Keza, Ngara
21 Machi 1995

Kwa Bwana Mifugo Muksini Sabiti,
Ngara Mjini.

Marahaba, mwanangu. Najua tungeonana ungeniamkia, basi nimeona nisikucheleweshe. Huku hatujambo wote, isipokuwa majani yangu.

Utakumbuka kuwa malisho yetu ya zamani yamegeuka mji tangu wageni wakimbizi wafike Benaco. Sisemi neno baya juu yao, maana mtu hakimbii kwao kwa kupenda. Ndipo mradi wenu ukatuletea mbolea ya yurea tuoteshe majani ya ng'ombe nyumbani. Nilifurahi mno! Mwanangu Ntwari amemchumbia Priscila, binti wa Restituta, yule mjane wa bondeni chini ya shamba langu, na mahari ni ng'ombe wangu Gaju. Pasaka ikipita, Restituta atakuja kumkagua. Akimkuta mbavu nje, hakuna harusi, na Ntwari ameshaanza kususa chakula. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Uliniagiza mbolea niigawe mara tatu, kidogo kidogo, niifukie, tena nisiitie mvua kubwa ikiwa karibu. Bwana Muksini, mimi ni Mhangaza. Kwetu mgeni hapimiwi kwa kijiko. Ukimpa pombe nusu kibuyu utasemwa mpaka kaburini. Majani yalikuwa na njaa, nikayakirimu mfuko mzima kwa siku moja, mbele ya majirani, wakapiga vigelegele. Jioni ikaja mvua ya kung'oa migomba.

2. Ulipokuja hata pole hukunipa. Ulichuchumaa, ukanusa udongo, ukasema naitrojeni, ndiyo nguvu ya mbolea, nyingine imeteremka na maji na nyingine imepaa angani. Je, ni nani analinda anga hapa wilayani? Kama hakuna, hilo ni kosa la ofisi.

3. Iliyoteremka imeteremkia kwa Restituta. Majani yake yamekolea kijani, yangu yana rangi ya mkeka. Naomba itangazwe rasmi kuwa mbolea hiyo ni sehemu ya mahari, imetangulia tu, na Gaju akikonda ahesabiwe pamoja nayo.

4. Hili limeniudhi zaidi. Ulisema hewa iliyopaa inazidisha joto la dunia, na itakaa huko juu hata wajukuu wa Ntwari wazeeke. Wajukuu gani, na harusi yenyewe iko mashakani? Halafu dunia nzima, na viwanda vyake vyote, ije kulalamikia mfuko mmoja wa Xavery! Niliwaeleza watu baada ya misa. Wengine walicheka, wengine wakanitazama kwa heshima. Kama ni kweli nipewe cheti; kama si kweli niombwe radhi.

5. Restituta amepanda zile kunde zako za malisho katikati ya majani, ati zinajichukulia naitrojeni hewani. Hewani! Si ndiko ilikopaa ya kwangu? Mwamuru azing'oe, au azipande mpakani zivute kwa zamu.

Nisalimie mama yako, Bi Biubwa, hapo dukani. Mwambie kitenge chake mke wangu Domisiana hakivui. Wasalimie na wote ofisini, hata karani aliyenisahau kwenye benchi.

Mimi mlalamikaji wako, nisiye na kinyongo na mtu ila na mvua,
Xavery Minani.

N.B. Barua ilikuwa bado haijapata msafiri. Jana Gaju alikata kamba, akashuka bondeni, akala majani ya Restituta mpaka akalala papo hapo. Restituta akaniita. Nilishuka nikijua harusi imekufa. Kumbe alikuwa amekaa kando ya Gaju anamkuna shingo. Akasema ng'ombe aliyejipeleka mwenyewe ukweni hakaguliwi tena, na harusi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Ntwari amekula sahani mbili.

Kwa hiyo namba moja hadi tano zifute. Kunde za Restituta zisiguswe kabisa, na mimi niletee mbegu zake. Mfuko mwingine ukija nitaugawa mara tatu, nifukie, mchana kweupe, mbele ya majirani wale wale, hata wakiniita bahili.