Mkate wa Maziwa Nyumbani kwa Mfiwa

Leo nimefedheheka, mzee mzima.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, Daudi, Myahudi mshika dini, amemzika mkewe, Miriamu, asubuhi. Kwao kuna ada: mfiwa akirudi makaburini, mlo wa kwanza hali chakula chake mwenyewe. Hula cha kuletewa. Dada yake, Bi Ruthu, akanipigia simu: "Mayai naleta mimi. Wewe leta mkate tu, wenye muhuri wa marabi wetu kwamba ni halali kwetu."

Muhuri! (Mimi niliyesomesha fiqhi miaka ishirini, leo nifundishwe mkate?)

Katika maduka ya hapa Edgware Road, London, sikuuona wenye muhuri. Nikavaa miwani, nikasoma viungo vya kila mkate. Huu una mafuta, hayakutajwa ni ya mnyama gani. Hapana. Huu zabibu zake zimerowekwa kwenye mvinyo. Hapana! Mwisho nikapata mmoja laini, hauna shaka hata chembe. Nikasema alhamdulillahi.

Nikamkuta Daudi amekaa kwenye kiti kifupi, shati limechanwa kolani, ndivyo wanavyoomboleza. Hajatia kitu kinywani tangu jana. Watu kama kumi, kimya. Nikaweka mkate mezani, na ulimi haukutulia:

"Kuleni bila wasiwasi. Nimeukagua mwenyewe, neno kwa neno."

Bi Ruthu akaugeuza. "Una maziwa?"

"Tele!" nikajibu kwa fahari. "Na siagi pia. Nimewachagulia ulio bora."

Bi Ruthu akaurudisha mezani.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "kwetu maziwa na nyama haviliwi pamoja, ndiyo maana mkate wa maziwa hauliwi kabisa. Mtu atasahau, aule na nyama."

"Lakini hapa hakuna nyama! Kuna mayai!" (Yarabi, nikabisha. Msibani!)

"Hata hivyo, mzee wangu."

Daudi alikuwa keshanawa mikono. Mkono mmoja alikwisha kuunyoosha mezani. Akaurudisha gotini. "Tutangoja," akasema.

Bi Ruthu akachukua funguo za gari, akaenda Golders Green, mtaa wa Wayahudi wenzao, kutafuta mkate. Kwa foleni ile ya magari, saa nzima. Kuondoka nisithubutu, kumtazama mwenzangu nisiweze. Tumbo lake likanguruma, sote tukasikia.

Ndipo akanigeukia. "Miriamu angekucheka mpaka akae chini," akasema. Akatabasamu kidogo, kisha akalia, mara ya kwanza tangu makaburini.

Basi nawaomba, msinicheke. Mwenye haki hiyo amezikwa leo.