Samli ya Pikipiki

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Nimenunua pikipiki! Tena si pikipiki hivi hivi. Ina kigari ubavuni cha kukalia abiria. Kaniuzia Mzungu mmoja wa kambi ya mafuta aliyekuwa anarudi kwao. Wakati wa kuagana alinishika bega akanitazama kwa huruma. Nadhani alikuwa anaionea uchungu mashine yake.

Hapa Hamriya, Omani, wenye pikipiki tuko mmoja. Mie.

Sasa mpango. Nnataka kumuoa Mahfoudha. Nnamtaka tangu Septemba, siku aliponiona nimeanguka na ndoo ya maji akacheka mpaka akashikilia mlango. Kicheko kile bado nnakisikia. Baba yake amefariki, kwa hiyo mwenye kauli ni ami yake, Mzee Marhoon wa Matrah. Mzee huyo hajapata kukanyaga Unguja, na sisi tuliorudi kutoka huko anatuona kama watoto waliolelewa kwa jirani. Lakini mama yake Mahfoudha, Bi Kheiria, kanipa nafasi. Ijumaa nimpeleke Matrah kwa pikipiki. Nikimfikisha na kiuno chake kizima, atanisemea kwa shemeji yake. Kikimuuma hata kidogo, nisipite tena mlangoni kwake.

Rahisi!

Jumapili, 6 Desemba

Si rahisi.

Pikipiki ikikimbia, raha tupu. Ikienda polepole, balaa. Ukizungusha mkono wa mafuta kidogo tu, inaruka kama imechomwa sindano. Ukiurudisha, inajikaba ghafla na pua yako inakwenda kugonga taa. Inaruka, inajikaba. Inaruka, inajikaba. Na njia ya Matrah haikimbiliki: mawe, mbuzi, watu, na watu wenye mbuzi.

Nimemjaribia dada yangu Sayyida kwenye kigari, na kapu la mayai mapajani. Mayai thelathini. Kaoga mara mbili, na kasema leo yeye hana kaka.

Na nani alikuwa anatazama? Ghanim! Mtoto wa Mzee Marhoon, binamu yake Mahfoudha, na katika nchi hii binamu ndiye anayeulizwa kwanza kama anamtaka. Alikuwa juu ya punda wake mweupe, anakunywa kahawa. Juu ya punda anayetembea! Hata tone halikumwagika. Makusudi, nnajua.

Kateremka, kaniambia kwa upole, maana fitina zake zote huzitia upole, kwamba waya wa mafuta umelegea, ukazwe kidogo. Na ndani ya kabureta kuna kitundu kidogo kinachopitisha mafuta ya mwendo wa polepole. Kimeziba. Kisafishwe kwa unywele wa mkia wa punda. Akasema atanifanyia mwenyewe, kazi ya nusu saa, yeye kakaa gereji Kuwait miaka mitatu.

Miaka mitatu gereji na bado anapanda punda! Nikamwambia ahsante, tumeshajua dawa.

Jumatatu, 7 Desemba

Dawa nimeipata leo. Mkono wa mafuta ni mwepesi mno, basi tuutie uzito. Nimekata mpira wa ndani wa tairi, nikauzungushia mara tatu, nikakaza kwa meno.

Uzito umepatikana. Niliuzungusha, ukazunguka. Niliurudisha, haukurudi. Nikawa nauzunguka msikiti bila ya uwezo wa kusimama. Barazani wamekaa wazee sita. Mara ya kwanza nikawatolea salamu, wakaitikia. Mara ya pili nikawatolea, wakaitikia. Ningefanyaje, nipite watu wazima bila salamu? Mara ya tano mmoja alikuwa ameshachoka, anaitikia kwa mkono tu.

Nimesimama kwenye lundo la majani ya punda wa Ghanim. Ghanim mwenyewe kanitoa majani kichwani, moja moja, hakucheka. Mtu asiyecheka pale ana jambo lake.

Jumanne, 8 Desemba

Nimekwenda Matrah kwa miguu kumpa Mzee Marhoon mkono wa Idi, ijapokuwa Idi imeshapita wiki. Bora kuchelewa kuliko kusahaulika na mkwe.

Baraza nzuri, mazulia mazuri. Lakini kahawa! Wamenimiminia chini kabisa ya kikombe, kiasi cha kumnywesha kuku. Mtu tajiri kama yule! Nikanywa, wakamimina tena kile kile kidogo. Nikanywa. Wakamimina. Wageni wengine wanatingisha vikombe vyao na mimina-mimina inasita. Mie nikaona kutingisha chombo cha watu ni utovu wa adabu. Nimekunywa vikombe kumi na tisa. Nimerudi nyumbani moyo unapiga kama ngoma ya harusi.

Ubahili wao umenipa wazo. Kwetu Unguja baba alikuwa akimimina mpaka kikombe kinakataa. Ijumaa nitawaonyesha watu wa Matrah ukarimu ni kitu gani.

Jumatano, 9 Desemba

Ikiwa punda anabeba kahawa bila ya kuimwaga, pikipiki itashindwaje? Bi Kheiria atashika kikombe njiani. Tena kilichojaa, maana kikombe nusu hakithibitishi kitu.

Dawa mpya: samli. Nimepaka kwenye waya, kwenye mkono wa mafuta, kwenye mnyororo, na iliyobaki nimeipaka kwenye kigari kwa baraka tu. Kuna kitu kisicholainika kwa samli?

Kumbe mkono wa mafuta ukiwa na samli haushikiki. Kahawa ya kujaribia yote kwenye nguo ya Sayyida. Paka saba nyuma yetu mpaka nyumbani. Sayyida kauliza kwa nini nisimwite Ghanim. Baadaye kauliza tena. Wakati wa chakula kauliza tena, na mama naye akaunga mkono. Nimeshangaa. Yaani huyu bwana ameshaingia mpaka nyumbani mwangu!

Sijasema kwa mtu, ila humu nnasema. Nnaogopa. Ijumaa ikiharibika, Mahfoudha amekwenda.

Alhamisi, 10 Desemba

Muujiza!

Nimerudi kuswali alasiri, namkuta Ghanim uani kwetu. Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, ananuka petroli. Sayyida kasimama na sabuni na taulo, mama yuko mkekani anatabasamu. Nikamuuliza amefuata nini. Sayyida ndiye aliyejibu, haraka haraka, kwamba kaja kurudisha chekeche. Chekeche gani inayomchafua mtu hivyo? Lakini watu wa hapa na mapishi yao mie siyaingilii. Punda wake alikuwa nje, mkia umepungua nywele. Maradhi, masikini.

Kaondoka. Nikaiwasha pikipiki. Nikazungusha mkono wa mafuta taratibu... ikaondoka taratibu! Nikaurudisha, ikapunguza mwendo kama mtu anayekaa kwenye mto. Hairuki! Haijikabi! Nimeingia nayo uani nikazunguka kuku, na kuku hawakusogea.

Kumbe samli inataka siku moja ya kuingia. Hakuna aliyelijua hilo kabla yangu.

Ijumaa, 11 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye mazuri. Bi Kheiria kaingia kigarini na buibui lake na mto wake, kasoma dua ndefu sana. Tumekwenda mpaka linapoanza soko la Matrah, hata hakuguna. Hapo nikasimama, nikatoa dele la kahawa, nikamjazia kikombe mpaka mdomoni, nikampa ashike. Tukaingia kwenye msongamano kwa mwendo wa konokono. Mbuzi kapita, tukapunguza. Hamali kapita, tukapunguza. Watu wakaanza kutufuata. Mbele ya nyumba ya Mzee Marhoon nikasimama. Hata tone! Bi Kheiria kasema kiuno chake hakijasafiri vizuri hivyo tangu awe mwari.

Sasa mabaya. Nikakipokea kikombe mkononi mwake, nikaingia barazani, wageni wamejaa. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Marhoon, nikamnyooshea kwa mkono wa kulia na heshima zote. Kimejaa pomoni.

Mzee akakitazama kikombe. Akanitazama. Akakiweka chini, akavaa viatu, akatoka. Kwenye baraza yake mwenyewe! Wageni wakabaki wanatazamana, kisha nao wakatoka. Nimebaki mie na Ghanim, na Ghanim kajifunika uso.

Nimeirudisha pikipiki Hamriya polepole, laini kabisa, na machozi yananitoka.

Jumamosi, 12 Desemba

Ghanim kaja kunieleza, ati. Ati hapa kikombe humiminwa kidogo ili mgeni aongezewe na kuongezewa, na anayetosheka hutingisha kikombe. Ati ukimjazia mtu mpaka mdomoni, umemwambia anywe aende zake. Kwa hiyo mie nimemfukuza Mzee Marhoon nyumbani kwake, mbele ya wageni wake.

Nani kasikia jambo kama hilo? Umpe mtu kingi, akasirike! Fitina tupu. Anataka siku nyingine nipeleke kikombe kitupu, niharibikiwe kabisa.

Sayyida kaniletea maneno ya Mahfoudha. Kasema mtu aliyemtoa ami yake barazani ama ni jasiri ama ni mjinga, na yeye atasubiri ajue lipi. Atasubiri! Nimeyasoma maneno haya mara nyingi, ingawa hayakuandikwa popote.

Alhamisi, 17 Desemba

Leo mchana Mzee Marhoon kaja kwetu. Na wazee watatu, na Ghanim kavaa khanjari ya sherehe kiunoni. Nikajua wamekuja kunitangazia kwamba Mahfoudha ni wa Ghanim.

Wamekuja kumposa Sayyida!

Ghanim hamtaki binamu yake. Hajapata kumtaka. Nyuma ya pazia Sayyida alikuwa anakohoa, maana tangu asubuhi ananisihi nimimine kidogo, kidogo, kaka yangu, kidogo. Lakini wageni wangu, nyumbani kwangu, niwape robo kikombe? Nikajaza. Vyote vitano, mpaka mdomoni.

Mzee mmoja akaanza kutafuta viatu. Ghanim akafumba macho. Nyuma ya pazia kukatoka sauti kama ya mbuzi.

Nikaona niseme ukweli. Nikasema tumeondoka Unguja na nguo tulizovaa. Nyumba si yetu tena, na baba tumemzika ugenini. Na baba alikuwa hamwachi mtu aliyeingia kwake anywe kikombe pungufu. Nikasema mie sina cha kumrithi isipokuwa mkono wake wa kumiminia. Nikamsogezea kila mtu kikombe chake.

Mzee Marhoon akakinyanyua kikombe, akanywa chote, akapangusa ndevu. Akasema Sayyida awe wa Ghanim, nikisharidhia mie. Nikaridhia. Akasema na Mahfoudha awe wangu, binti mwenyewe keshamwambia kwamba ana subira ya kumfundisha mtu kahawa. Wazee wakacheka, wakanywa vyao. Nimelia mbele za watu, na sioni haya.

Basi nani alikuwa na haki? Jaza! Nilisema tangu mwanzo.

Harusi mbili, siku moja, wiki ijayo, na Mahfoudha ataletwa kwenye kigari. Pikipiki jioni hii imeanza kurukaruka tena kidogo. Ghanim kasema ni kile kitundu, kisafishwe, punda yupo. Nikamwitikia tu ili nisimvunje moyo. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini ujuzi wake ni wa punda.

Safari hii sikupaka nje. Nimeifungua kabureta, nikamimina samli ndani. Mpaka mdomoni.