Mtaalamu wa Kitovu

Daktari hakuwa daktari, ila koti jeupe alikuwa nalo, na mjini koti ni nusu ya elimu. Siku aliyosikia redioni kwamba damu ya kitovu na kondo la nyuma ina seli shina zinazoweza kutibu maradhi ya damu, aliizima redio kabla mtaalamu hajamaliza. Maelezo marefu huharibu biashara. Kesho yake alikuwa kliniki ya wajawazito, chupa ya chai iliyojaa barafu kwapani.

"Mama zangu, mnatupa dhahabu kwenye ndoo," aliwaambia waliokaa benchini. "Mimi nitaipokea kwa mikono yangu, niitunze miaka ishirini."

Fundi cherehani mmoja, tumbo limeshashuka, alimsikiliza kuliko wote. Binti yake wa kwanza ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila mwezi hulazwa. Akatoa pesa zake zote za kujifungulia, akauliza kitu kimoja tu.

"Hiyo barafu haiyeyuki?"

"Dada'ngu, hii ni barafu ya kisayansi."

Fundi alipomsimulia mkunga wa kliniki, mkunga aliweka kalamu chini. "Damu ile huingia kwenye mfuko maalumu, ikagandishwa kwa baridi inayoshinda barafu zote unazozijua. Chupa ile ni ya chai, mwanangu. Umeliwa."

Fundi akalia kidogo, akapangusa pua, akauliza, "Anarudi lini?"

Alirudi Jumatatu. Mwonja asali haonji mara moja. Alipofika katikati ya hotuba, Fundi akashika kiuno na kuguna.

"Daktari wangu, wakati umefika. Bahati yangu upo."

"Mimi... wanaozalisha ni wengine, dada."

"Si ulisema kwa mikono yako?" akauliza mwanamke wa pembeni, na benchi zima likamkodolea macho.

Mkunga akatokea mlangoni. "Wewe ndiye mtaalamu wa kitovu? Haraka. Koti liache hapo, leba haviingii vitu vya nje. Vaa gauni hili."

Mtu hawezi kuukimbia utaalamu wake mbele ya wateja. Akalivua koti, likiwa na pesa zote za wiki mfukoni. Ndani akakabidhiwa beseni.

"Kondo likitoka, lidake. Ni nusu kilo, lina joto, linateleza."

Fundi akapiga ukelele ambao mkunga mwenyewe aliusifu baadaye. Daktari akaruka nje kupitia dirishani, gauni wazi mgongoni, na sayansi haikumwona tena.

Koti likapekuliwa, kila mama akarudishiwa chake. Fundi alibaki kitandani, pesa zake kiganjani.

"Mama, na ile tiba ya kweli, ya binti yangu, ipo?"

"Ipo. Nimeongea na hospitali kubwa, mfuko wameleta. Mtoto atapimwa; akipatana na dada yake, watajaribu. Nafasi ni moja kati ya nne. Sikuahidi kitu."

"Hiyo moja nipe mimi." Akachukua kalamu, akaanza kutia sahihi fomu ya idhini. Katikati ya jina, mstari ukateleza hadi ukingoni mwa karatasi, akashika kiuno.

"Maigizo yameisha, mwanangu," mkunga akacheka. "Ameshakimbia."

"Siigizi, mama. Lete mfuko."