Mtoto Kala Ndoo Mbili

Jumapili, 1 Juni 2025

Padri ametangaza misa ya Klementina. Jumamosi tarehe 14, saa tatu asubuhi. Mwaka mzima umepita! Kanisa zima liligeuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kama impasavyo mgane.

Nimeanza shajara. Daftari ni kauntabuku la marehemu, lile aliloandikia habari za mtambo wa biogesi kila siku kwa miaka tisa. Yeye alianzia mbele. Mimi nimeligeuza juu chini, naanzia nyuma. Kati yetu zimebaki kurasa chache nyeupe. Za kwake sisomi. Sina ubavu huo.

Sababu ya kuandika: nina vita. Shemeji Agnella, dada mkubwa wa Klementina, kapiga simu kutoka Mang'ula. Siku ya misa wazee wa upande wao watakuja na watakaa kikao. Anasema Neema na Subira, ng'ombe wangu wawili, Klementina alipewa na baba mkwe wangu. Anasema amesikia moto wa jikoni kwangu unafifia, na kama mtambo umenishinda, basi ng'ombe warudi kwao. Nikamwambia shemeji, moto unawaka mpaka unatisha. Wakati nasema hivyo nilikuwa napuliza kuni.

Hatukujaliwa mtoto, mimi na Klementina. Mtambo ulipojengwa akaanza kuuita mtoto. Asubuhi, hata kabla ya salamu: mtoto kala? Ng'ombe wakiondoka hakuna mavi, na mtoto atakufa njaa. Nitabaki humu ndani mimi na viti. Sikubali!

Jumatatu, 2 Juni

Gosbert kapita. Jirani, fundi wa mitambo yote ya hapa Katindiuka, mtu wa kujiona. Moto wa kwake ni wa bluu, na hakosi kuutaja. Kanisomea tena masharti aliyobandika kwenye mlango wangu wa jiko, kana kwamba mimi sijui kusoma. Ndoo mbili za mavi, ndoo mbili za maji, kila siku, bila kuruka. Usilishe kitu kigeni bila kuuliza. Fungua dirisha kabla ya kuwasha. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe chochote, tafuta panapovuja kwa povu la sabuni. Jaza karatasi kila siku.

Halafu akaitazama karatasi. Akauliza imekuwaje mwezi wote wa Mei mrija umesoma arobaini na mbili. Nikamjibu kwamba mtambo wangu una msimamo.

Karatasi huwa naijaza Jumapili, wiki nzima kwa mkupuo. Kuna ubaya gani? Mrija wenyewe, ule wa maji mekundu ukutani unaopima nguvu ya gesi, leo umesoma kumi na tano. Zimebaki siku kumi na mbili. Kwa ndoo mbilimbili nitafika lini? Huo ni mwendo wa kinyonga.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata! Mama Omega, mpika pombe ya komoni, anatupa machicha yake nyuma ya kilabu. Nimeyaona leo kwa macho yangu: yanachemka yenyewe kwenye pipa, yanatoa mapovu. Kitu chenye mapovu kina gesi. Miaka tisa Klementina alibeba mavi, na gesi ilikuwa kilabuni!

Nimemimina ndoo nane za machicha, na pumba magunia mawili kutoka mashine ya kukobolea. Msimu wa mpunga huu, pumba zimejaa tele. Zizini sikuingia kabisa. Gosbert hana haja ya kujua.

Alhamisi, 5 Juni

Mrija sitini! Sitini! Chai ilichemka kabla sijapata majani. Nimeongeza ndoo sita. Jioni nikapita mbele ya nyumba ya Gosbert nikipiga mluzi, mara tatu, mpaka mbwa wake akachoka kubweka. Laiti Klementina angeona. Alikuwa akisema, Marselino wangu, wewe unapenda kufika bila kutembea. Haya, nimefika.

Jumapili, 8 Juni

Harufu ya gesi jikoni. Nguvu imezidi, mpira unavuja mahali fulani. Masharti yanasema povu la sabuni. Sabuni ilikuwa bafuni. Kiberiti kilikuwa mfukoni.

Yesu na Maria!

Panapovuja nimepaona. Ni kwenye kiungo cha mpira na jiko. Nimekaza vizuri. Nyusi ya kushoto haipo tena, na nywele za mbele zinanuka kama kuku aliyebabuliwa. Ningekuwa nimefunga na dirisha, ingekuwa misa ya watu wawili.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Mrija unasoma hamsini, lakini moto hauwaki. Nafungulia, gesi inatoka, nasogeza kiberiti, gesi inakipuliza kinazimika. Njiti ishirini na mbili! Tope linalotoka upande wa pili linanuka siki.

Ningemwita Gosbert. Mficha uchi hazai, najua, sihitaji kuambiwa. Lakini nimwite Gosbert? Baada ya ule mluzi? Nimeongeza ndoo nne za machicha. Huenda ni njaa.

Asubuhi nilijikuta nauliza kwa sauti: mtoto kala? Nikakaa kizingitini mpaka jua likapanda.

Ijumaa, 13 Juni

Hakijaharibika kitu. Mama Omega kaniazima mtungi wake wa gesi ya dukani. Nimeuficha nyuma ya jiko chini ya magunia, nikaunganisha na bomba lile lile. Kesho nitafungulia jiko la Klementina, moto utawaka, wazee watakula pilau, ng'ombe watabaki. Mrija ulishuka nilipochomoa bomba, nimeongeza maji kidogo kwa kikombe mpaka ukasoma arobaini na mbili. Nimelala mchana, usingizi wa mtu mwenye akili.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike tu.

Nyusi niliichora kwa mkaa. Padri alipotaja jina lake, machozi yakanitoka, ya kweli, sikuyapanga. Mkaa ukatiririka mpaka kidevuni. Mzee mmoja wa Mang'ula akanipa leso.

Nyumbani nikawazuia wanawake wasiingie jikoni. Nikasema leo napika mwenyewe, kwa heshima ya marehemu. Wakanisifu! Nikafungulia, nikawasha. Mama yangu! Moto wa njano, mrefu, ukapanda mpaka kwenye kenchi za paa. Kanga ya Klementina ilikuwa kwenye msumari karibu na jiko, pale alipoitundika siku alipokwenda hospitali. Mwaka mzima sikuigusa. Ikashika. Niliizima kwa viganja. Imebaki nusu.

Shemeji Agnella aliingia kwa sababu ya moshi. Hakunitazama mimi. Aliinua sufuria ya pilau, akapitisha kidole chini yake, kidole kikatoka cheusi. Akasema miaka tisa sufuria za mdogo wake hazikujua masizi. Akafuata bomba kwa macho mpaka nje, akafunua magunia. Akasema, njia ya mwongo ni fupi, shemeji. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akaikunja ile nusu ya kanga, akaiweka kifuani.

Kikao kilikaa. Wazee walitaka ng'ombe waondoke leo leo. Aliyeniombea muda ni Agnella. Nimepewa mpaka mwisho wa Julai. Moto wa bluu usiporudi, Neema na Subira wanakwenda Mang'ula. Pilau lilikuwa bichi, na walilila.

Jumapili, 15 Juni

Gosbert kaja bila kuitwa. Kafunga mtungi, kafungua madirisha, halafu kaniuliza kama nilitaka kumfuata mke wangu. Akaeleza kwamba matundu ya jiko la biogesi ni makubwa, gesi ya mtungi inatoka nyingi kupita kiasi, ningeweza kuunguza nyumba na wazee wote ndani. Akachota tope, akachovya kijikaratasi chake cha kupimia, rangi ikabadilika. Mtambo umechacha, akasema. Wale wadudu wadogo wanaotengeneza gesi wanaishi kwa mlo ule ule, kidogo kidogo, kila siku. Mimi nimewalisha karamu wakafa, na kilichobaki ni hewa isiyoshika moto.

Nikamuuliza kama mtoto amekufa. Neno lilinitoka tu. Akasema bado, Mzee Marselino, bado.

Mchana akarudi na baiskeli, mara sita, kila mara na madumu mawili ya tope kutoka mtambo wake mwenyewe, lenye uhai. Akasema nisilishe kitu siku kumi na tano. Kisha nianze na nusu ndoo, na niandike kweli. Nilimshukuru. Bado anajiona.

Jumatatu, 30 Juni

Kurasa zangu zimekutana na zake. Ukurasa huu ni wangu, unaofuata ni wa Klementina, maandishi yamekaa kichwa chini miguu juu. Nikaligeuza daftari. Nimesoma.

Ni wa tarehe 10 Juni mwaka jana, siku moja kabla hajalazwa. Nanakili kama alivyoandika: Mtoto kala ndoo mbili. Mrija 41. Moto bluu. Marselino kasema kalisha asubuhi. Hakulisha, zizi halijaguswa. Nimelisha mimi. Nimepumzika mara tatu njiani. Kwenye karatasi ya Gosbert nimeandika kalisha yeye, asiaibike.

Naikumbuka siku hiyo. Nilikuwa na mpango wa kwenda kununua bata Michenga, nina haraka. Akauliza kutoka kitandani, mtoto kala? Nikasema kala ndoo mbili, mke wangu, wewe lala. Akatabasamu. Nilidhani ameniamini.

Nikafunua nyuma. Zipo nyingine kama hiyo. Nimehesabu thelathini na moja, nikaacha. Nimelia kwa sauti mpaka Neema akaitikia zizini. Nisamehe, Klementina. Uchovu wako wote ule ulikuwa wangu. Naapa mbele ya maandishi yako: kila siku, kwa mikono yangu, na nitaandika kweli tupu.

Leo nimelisha nusu ndoo. Kweli.

Jumatano, 9 Julai

Siku kumi bila kuruka! Mrija 28. Na moto, moto wa bluu, urefu wa kidole. Jana niliuwasha nikauzima mara tano, kuutazama tu. Gosbert anasema nikienda hivi hivi, kabla ya mwisho wa Julai utakuwa kama zamani. Ameniomba nisifanye lolote zaidi. Hata alinishika bega.

Ila Shemeji Agnella kapiga simu. Anapita Jumamosi kuangalia. Jumamosi hii! Nimwonyeshe kidole? Mwanamke aliyenitetea mbele ya wazee nimpikie chai kwa kidole?

Bahati haiji mara mbili: leo nimekutana na jamaa wa kule kwenye mashamba ya miwa, ana molasi, yale masalia mazito ya sukari, kwenye dumu. Molasi si machicha. Machicha ni pombe, ndiyo maana yalichachua. Molasi ni sukari. Nani aliwahi kudhuriwa na sukari? Nilisema robo ndoo tu. Lakini ilikuwa inatoka taratibu, nzito, sikuweza kupima vizuri, nikamimina dumu zima. Zizini sikwenda, mgongo unauma.

Karatasi ya Gosbert nimeshaijaza mpaka Jumapili. Daftari limekwisha. Umebaki mstari mmoja mtupu, chini ya maandishi ya marehemu. Nimeligeuza, nikaandika humo kwa mwandiko mzuri: Mtoto kala ndoo mbili, kalisha Marselino. Klementina angeandika hivyo hivyo.