Vitenga vya Hereni

Jumatatu, 12 Januari 2026

Mke wangu Scholastica kapata oda! Hereni zake za kitenge, dukani kwa Nasra, Tanga mjini. Zikipendwa, oda itakuwa ya kila mwezi, naye ataacha kulima karoti. Magoti yanamuuma mno. Hasemi, ila namwona anavyopanda ngazi za kanisani.

Anord wa steshenari kajitolea kutugawia vijisanduku vyenye utepe vya kuzifungia. Anord! Aliyemposa kabla yangu, akakataliwa. Nimemwambia asante, nyumba hii ina mbunifu wake.

Jumanne, 13 Januari

Wazo limenijia nikinywa chai. Tenga! Ujana wangu wote nimefunga matunda ya plamsi kwenye matenga, na hakuna hata moja iliyofika Tanga imechubuka. Basi nimesuka vitenga vya mianzi, ukubwa wa ngumi, kila jozi na chake. Ndani majani mabichi ya mgomba. Juu nimeyajaza mpaka yakafura, nikashona kwa kamba. Lumbesa! Watu wa Tanga wauone ukarimu wa mlimani.

Scholastica kauliza kwa nini nisikaushe majani kwanza. Nimemjibu fundi hahojiwi. Kacheka, kanishika bega. Vitenga vimeondoka na basi la jioni.

Alhamisi, 15 Januari

Maafa! Nasra kapiga simu. Vitenga vimependwa, kila mtu kavipiga picha. Ila hereni zote zina madoa ya kahawia. Utomvu wa mgomba! Mtoto wa chekechea anajua hautoki kwenye nguo. Nasra anataka nyingine kufikia Jumamosi, la sivyo basi.

Scholastica alinigombeza kwa Kishambaa, na akifika kwenye Kishambaa ujue maji yamezidi unga. Kisha akaketi, akaanza kukata kitenge upya. Hapo ndipo nilipoumia. Nikamwomba radhi, nikachukua sindano, tukashona kutwa. Zangu zimepinda zote. Kazipokea kwa upole, kanishukuru, na nilipogeukia dirishani akazifumua.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeumeza mwiba. Nimekwenda kwa Anord kuomba vijisanduku. Kanipa papo hapo, hata kauliza hali ya magoti ya shemeji. Mtu mwema. Inaudhi sana.

Jumapili, 18 Januari

Hereni zilifika jana, na Nasra kazipenda! Kila mwezi! Baada ya ibada Scholastica kasema shamba la karoti sasa tumkodishie jirani yetu Faraji. Kalia kidogo. Nami nimelia, kumzidi. Kaniambia, Baba Shukrani, nakupenda hivyo hivyo ulivyo, ila niapie hutagusa tena vifungashio. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Sasa amelala, miguu juu ya mto. Tangu tuoane sijamwona akilala mchana. Nimekaa tu namtazama.

Vijisanduku vya Anord vilivyobaki vinanuka gundi, lakini. Tone la asali ya kwetu Rangwi ndani ya kila kifuniko, mteja akifungua anuse milima yetu. Kiapo sijakivunja. Hiki si kifungashio, ni harufu tu. Na asali haina utomvu.