Nyumba Iliyovuliwa Plasta

Pasikali alikuwa amekwenda kwa Saady kupeleka makochi tu. Lakini alipoingia sebuleni mwa huyo mfanyabiashara wa unga na sabuni, hapo Kasulu mjini, akainua macho na kuona dari. Lilikuwa dari la jipsamu, limepandiana ngazi kwa ngazi kama keki ya harusi. Chini yake marumaru zilimeta kiasi kwamba mtu angeweza kuchania nywele. Na nyuma yake ulisimama mlango wa mninga, mzito, umechongwa maua kwa mtindo wa Tanga walikotoka babu zake Saady. Mtu mwingine angesema mashallah. Pasikali aliona tu kwamba vyote hivyo vingeenea vizuri sana nyumbani kwake Kibondo.

Maana nyumba yake Kibondo, tuseme ukweli, ilikuwa pagale: tofali za kuchoma, bati na popo. Na mama yake Apoline, mkwe mtarajiwa, alishatamka mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake haolewi kwenye pagale. Nyumba imalizike kwanza, ndipo posa izungumzwe. Pasikali alimpenda Apoline kwa dhati. Hilo ndilo jambo pekee alilowahi kulifanya bila ujanja, na kwa bahati mbaya halikutosha kununua hata mfuko wa saruji.

Akalishusha kochi. Akavuta pumzi kama mtu aliyefika msibani.

"Pole, kaka Saady."

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Ilikuwa nyumba nzuri."

"Ilikuwa?"

"Usijali. Huku kwetu watu hawatajua. Labda wakija wageni kutoka Dar."

Hapo alikuwa amegusa kidonda. Saady alikuwa na binamu zake Dar, na hao binamu walikuwa wakimtumia picha za majumba kila Ijumaa, bila kuombwa.

"Hebu kaa," Saady alisema. "Dar wanafanyaje?"

Pasikali akakaa, tena kwenye kochi jipya, kabla mwenyewe hajalikalia. "Dar sasa ni mtindo wa kiwanda, kaka. Matajiri wa Ulaya wanahamia kwenye viwanda vilivyofungwa, wanalala katikati ya mabomba. Plasta wanaitoa. Dari wanalishusha. Tajiri wa kweli ukuta wake uko wazi. Anayeufunika, watu wanajiuliza anaficha nini."

Saady aliutazama ukuta wake uliopakwa rangi ya maziwa. Kwa mara ya kwanza aliuona una siri.

Mkewe Faudhia, aliyekuwa akileta chai ya tangawizi, alisimama mlangoni na sinia. "Yaani tumemaliza nyumba ili tuirudishe ilikokuwa?"

"Mambo haya huyajui, mama Tunu," alisema Saady, ambaye alikuwa ameyajua tangu chai ikiwa jikoni.

Kazi ikaanza. Plasta ikabanduliwa, marumaru zikang'olewa kwa adabu zote ili zisivunjike, dari likateremshwa ubao kwa ubao. Nyaya zikaachwa zining'inie na balbu tupu. Kutoka Mabamba, Pasikali alileta gurudumu la mashine ya kusaga iliyokufa zamani, akaliita meza. Aliokota mabomba yenye kutu nyuma ya gereji na kuyaita rafu. Minyororo ya baiskeli aliizungusha kwenye balbu; hiyo hakuiita chochote, aliogopa kuulizwa.

"Na huu uchafu?" Saady aliuliza, akionyesha lundo la jipsamu na marumaru.

"Nitakusaidia kuutoa, kaka. Wewe changia usafiri tu."

Mlango wa mninga ulipopakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, Faudhia aliupiga teke la uchungu. Kisigino kikaacha kovu chini ya ua la kushoto. Kirikuu kikaondoka kuelekea Kibondo, na nafasi ya mlango ikazibwa na bati.

Majirani walikuja kumpa Saady pole. Mzee mmoja alimshika mkono na kumwambia kwa upole kwamba biashara ndivyo zilivyo, huinuka na kuanguka. Saady aliingia ndani akaanza kupiga hesabu ya plasta mpya. Na huenda angempandia Pasikali gari la kwenda Kibondo, lakini wakatokea wazungu wa shirika moja linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, waliokuja kununua unga. Mmoja aliona tofali mlangoni, akaomba kuingia. Akaligusa gurudumu la mashine ya kusaga kwa mikono miwili na nusura alie. Walipanga nyumba papo hapo, kwa bei ambayo Saady aliitaja kwa utani. Faudhia alihamia nyumba nyingine yenye plasta na akatoa sharti moja: mlango wake aupate, la sivyo Saady alale na meza yake. Picha za ile nyumba zikazunguka kwenye simu za mkoa mzima.

Pasikali hakuziona. Alikuwa juu ya ngazi, anapigilia jipsamu.

Siku ya ukaguzi ilipofika, alivaa shati jeupe, akaufungua mlango wa mninga kama anayefungua bunge.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa Kiha. "Karibuni nyumbani."

Mama yake Apoline aliingia, akavua kandambili, akakanyaga marumaru. Alilitazama dari kwa muda mrefu. Apoline aliutazama ukuta, kisha akaitazama simu yake, kisha ukuta tena.

"Pasikali," alisema taratibu, "mbona kama zahanati?"

"Imemalizika, mpenzi. Kama mama alivyotaka."

"Nilitaka imalizike," alisema mama, "sikusema imalizike kishamba. Wenzako Kasulu wanaishi na wazungu kwenye tofali. Hii plasta yote unaficha nini humu?"

Pasikali aliupapasa ukuta wake kama anayeuomba radhi.

"Usihuzunike," Apoline alisema, akamshika mkono. "Nilishampigia mtaalamu wa Kasulu tangu nilipoona picha zake. Huyo anaingia."

Nje kirikuu kilizima injini. Akashuka Saady, kapiga miwani, ameshika nyundo. Alitembea hadi mlangoni, akainama, akapapasa chini ya ua la kushoto. Akainuka akitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu stendi.

"Pole, kaka Pasikali," alisema. "Ilikuwa nyumba nzuri."

"Kaka Saady, tuongee pembeni..."

"Tuongee hapa hapa, mama naye asikie. Tajiri wa kweli ukuta wake uko wazi, mama. Anayeufunika, watu wanajiuliza anaficha nini."

"Nilisema mimi," alisema mama.

"Na huu uchafu," Saady akaonyesha mlango, dari na marumaru, "nitawasaidia kuutoa. Huyu bwana atachangia usafiri tu. Meza ya gurudumu ninayo kwenye gari, ya kiwanda halisi, lakini hiyo ina bei yake."

Apoline alimtazama Pasikali kwa macho yale yale yaliyomfanya aanze kujenga. Mama alisubiri jibu.

"Bei gani?" aliuliza Pasikali.

Jioni alikuwa bado anabandua plasta yake mwenyewe, vumbi hadi kwenye kope, Saady akimwelekeza kutoka kwenye kochi.

"Hapo punguza mkono, kaka. Bakiza madoa kidogo, ndiyo uzuri wenyewe."

Pasikali alirudi nyuma hatua moja akautazama ukuta. Tofali zilikuwa nyekundu, zimeshika mwanga wa jua la mwisho, na Apoline ameketi juu ya gurudumu la Mabamba akicheka na mama yake habari za harusi. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Kwa bahati mbaya kabisa, akaanza kuuona unapendeza.